Mganga Mfawidhi Mpya: Namna ya Kuijenga na Kuiongoza Timu ya Kituo

Tabibu wa Tanzania husomea stashahada kwa miaka mitatu. Daktari hukaa chuoni miaka mitano, kisha mwaka mmoja zaidi wa mafunzo kazini chini ya usimamizi. Muda wote huo hufundishwa kumhoji mgonjwa, kumpima, kutambua ugonjwa na kuutibu. Halafu siku moja hupokea barua ya kumteua kuwa mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya, na kuanzia hapo anadaiwa mambo ambayo wengi hawakuyasomea kwa kina: kupanga zamu, kusuluhisha ugomvi wa wauguzi wawili, kusimamia akaunti ya benki, kumwonya mtumishi anayekuja kazini amelewa, na kusimama mbele ya kamati ya kituo kueleza kwa nini dawa zimeisha.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Yanamfaa pia muuguzi mfawidhi wa wodi, mkuu wa maabara, na yeyote aliyeinuliwa kutoka miongoni mwa wenzake akaambiwa awaongoze. Hoja yake ni moja. Timu haijengwi kwa hotuba ya siku ya kwanza, wala kwa ukali. Hujengwa na taratibu chache zinazofuatwa kila siku bila kurukwa, na kwa kumhakikishia mtumishi wa chini kabisa kwamba akiona hatari anaweza kuisema, na atasikilizwa.

Kazi yako si ile ya jana

Wafawidhi wengi wapya hukwama kwa sababu wanaendelea kuwa tabibu bora wa kituo badala ya kuwa kiongozi wake. Foleni ikirefuka OPD, wanaingia chumbani kuona wagonjwa. Mama akikwama leba, wanakimbilia huko. Ripoti ya mwezi ikichelewa, wanakesha wakiijaza wenyewe. Wiki za kwanza watu huwasifu. Baada ya miezi michache wao wamechoka, wenzao wamezoea kuwasubiri, na siku wakienda mkutanoni wilayani kituo kinasimama.

Usiache kuona wagonjwa. Kwenye kituo chenye watumishi wachache huwezi kuacha, na kufanya kazi bega kwa bega na wenzako kunakujengea heshima ambayo cheo peke yake hakikupi. Lakini tenga muda wa uongozi kila siku, hata kama ni saa moja kabla ya foleni kujaa na nyingine alasiri, na kila mtu aujue. Katika saa hizo pitia zamu, tembelea kila chumba, angalia stoo, ongea na watu.

Kila unapotaka kuifanya kazi ya mtu mwingine, jiulize kwanza: kazi hii ni ya nani, na imekuwaje hadi ikanifikia mimi? Pengine hajafundishwa. Pengine hana kifaa. Pengine hajui kwamba ni yake. Pengine anajua na hataki. Wa kwanza anahitaji kuelekezwa, wa pili anahitaji vifaa, wa tatu anahitaji majukumu yaliyoandikwa, na ni huyo wa nne tu anayehitaji kuitwa ofisini. Kiongozi anayewakaripia wote wanne kwa sauti moja huwaonea watatu.

Mwezi wa kwanza: pokea ofisi, kisha sikiliza watu

Kabla ya kubadili chochote, pokea ofisi kwa maandishi. Usikubali makabidhiano ya mdomo hata kama anayeondoka ni rafiki yako. Hesabuni pamoja dawa zilizomo stoo na mlinganishe na leja. Kagueni orodha ya mali, vitabu vya stakabadhi, taarifa ya benki, funguo, madeni ya kituo na ahadi zilizotolewa kwa watumishi, hasa za likizo na malipo. Kila mmoja atie saini na abaki na nakala yake. Hatua hii inamlinda anayeondoka sawa na inavyokulinda wewe: upungufu utakaoonekana baadaye utajulikana ni wa kipindi gani.

Kisha kaa na kila mtumishi peke yake, dakika ishirini au thelathini. Usiishie kwa wataalamu. Mhudumu wa afya, mfanya usafi na mlinzi wa usiku huona mambo ambayo daktari hayaoni: nani huja amechelewa, mgonjwa gani aliondoka bila kuhudumiwa, mlango gani haufungi. Maswali matatu yanatosha. Ni kitu gani hapa kinakwenda vizuri na hungependa nikiguse? Ni kitu gani kinakukwamisha kila siku? Ungekuwa wewe ndiye mfawidhi, ungeanza na nini?

Andika majibu. Usimkatize mtu, usijitetee, na usiahidi usichoweza kutimiza. Wahenga walisema mkubwa jalala: utatupiwa malalamiko ya miaka, mengine yakimhusu aliyekutangulia. Yapokee kwa utulivu bila kumsema vibaya mtu asiyekuwepo, maana anayekusikia ukimsengenya mtangulizi wako anajua kesho utamsengenya yeye.

Baada ya mazungumzo hayo, ita kikao na uwarudishie watumishi ulichosikia, bila kutaja nani alisema nini. Chagueni pamoja jambo moja dogo linaloweza kutatuliwa ndani ya wiki mbili bila fedha nyingi: taa ya korido ya leba, kufuli ya choo cha watumishi, utaratibu wa nani anakwenda kula saa ngapi. Litatueni. Watu wakiona kwamba walilolisema limefanyiwa kazi, siku nyingine watasema lililo zito zaidi.

Waliokuwa wenzako, na waliokuzidi umri

Ugumu mkubwa wa anayepandishwa ndani ya kituo kilekile ni marafiki zake. Jana mlikuwa mkila pamoja na kulalamika pamoja juu ya uongozi, na leo uongozi ni wewe. Usijitenge nao kwa kiburi, lakini ongea nao mapema na waziwazi: urafiki unabaki, ila kwenye zamu, posho na nidhamu hakutakuwa na mtu wa karibu na mtu wa mbali. Watumishi wengine watakuangalia hapo kwanza. Rafiki yako akichelewa mara tatu bila kuulizwa, umeshapoteza haki ya kumuuliza mwingine.

Kuongoza waliokuzidi umri kunahitaji adabu ya kwetu. Daktari mwenye miaka 28 anaweza kumkuta muuguzi aliyezalisha akina mama tangu yeye hajazaliwa. Cheo hakifuti shikamoo. Mwamkie mbele ya watu, na jambo la kumrekebisha mweleze faraghani.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, Dokta."

"Sista, nimepitia mafaili ya leba ya wiki hii. Patografu tatu hazikujazwa baada ya saa sita usiku. Nimeona nikuulize wewe kwanza, maana vijana wanafuata unavyofanya. Usiku kuna nini?"

"Usiku niko peke yangu, mwanangu. Nikiwa na akina mama wawili nashindwa kuandika."

Katika mazungumzo mafupi kama hayo heshima imetunzwa, kosa limetajwa kwa ushahidi na bila kuzungushwa, na chanzo kimejulikana. Kama angekaripiwa kikaoni, angenyamaza, na tatizo la zamu ya usiku lingebaki palepale. Muuguzi wa namna hiyo akikuunga mkono, kituo kizima hukufuata. Mpe kazi ya kuwalea wauguzi wapya na itambuliwe rasmi kwenye mgawanyo wa majukumu, isiwe fadhila.

Zamu, semina na posho: haki ionekane

Ugomvi mwingi vituoni hautokani na chuki. Hutokana na mambo matatu: nani anapangiwa usiku na sikukuu, nani anateuliwa kwenda semina, na nani analipwa posho gani. Ukiyaweka wazi hayo matatu, majungu mengi hukosa chakula.

Ratiba ya zamu itoke mapema, ibandikwe ukutani, na mabadiliko yafanyike kwa maandishi na kwa ridhaa ya wanaobadilishana. Weka rekodi ya nani alifanya kazi Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, ili mwakani wabadilishane. Kwa semina, tunza orodha ya zamu pia: aliyekwenda anashuka chini ya orodha ya mafunzo ya aina yake, na akirudi anawafundisha wenzake yale aliyojifunza katika kikao cha wiki hiyo. Kwa posho, bandika vigezo vya malipo na idadi ya siku ambazo kila mtu ameitwa kazini, ili kila mtu ajihesabie mwenyewe.

Anayeongoza kituo binafsi au cha shirika la dini aijue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, katika wiki ya siku zisizozidi 6. Makubaliano ya maandishi yanaweza kuruhusu zamu ya hadi saa 12 bila kuhesabiwa muda wa ziada, mradi wiki isizidi siku 5 za kazi wala saa 45 za kawaida. Saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mtumishi mjamzito hapangiwi usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na aliyejifungua hapangiwi usiku kwa miezi miwili baada ya hapo. Anayenyonyesha ana haki ya kuruhusiwa muda wa hadi saa mbili kwa siku. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Kwa watumishi wa umma fuata Kanuni za Kudumu na miongozo ya mwajiri, na ukikwama muulize ofisa utumishi wa halmashauri kabla ya kuamua, si baada ya kushtakiwa.

Kikao cha asubuhi na makabidhiano ya zamu

Kama una nafasi ya kuanzisha taratibu mbili tu, anzisha hizi.

Ya kwanza ni kikao kifupi cha asubuhi. Kiwe cha kusimama, dakika 10 hadi 15, saa ileile kila siku, hata siku ambayo wewe haupo. Aliyekesha anaeleza: wagonjwa waliolazwa, waliojifungua, waliopewa rufaa, waliofariki, na lolote lililomtisha. Stoo wanataja dawa inayokaribia kuisha. Maabara wanataja kipimo ambacho hakifanyiki leo. Kisha kila tatizo linapewa mtu mmoja wa kulishughulikia na saa ya kuleta jibu. Tatizo lililopewa "wote" halijapewa mtu.

Ya pili ni makabidhiano ya zamu kando ya kitanda. Mgonjwa huumia zaidi pale mtumishi mmoja anapoondoka na mwingine anapoingia, taarifa ikabaki kichwani mwa anayekimbilia daladala. Wafundishe watu wako kukabidhi mambo manne kwa mpangilio uleule kila mara: hali ya mgonjwa ilivyo sasa, historia yake kwa ufupi, anavyoonekana kwa mtazamo wa anayekabidhi, na kinachotakiwa kufanyika na saa yake.

Tuseme ni mama aliyejifungua alfajiri. Anayetoka zamu anasema: amejifungua saa 10 usiku, damu ilitoka nyingi kuliko kawaida na akachomwa oksitosini, ni uzao wake wa tano, sasa tumbo la uzazi limekaza lakini shinikizo la damu linashuka kidogo, apimwe tena kila baada ya dakika 15, na likishuka zaidi aitwe daktari mara moja. Anayepokea anarudia aliyoyasikia. Wote wawili wanatia saini kwenye kitabu cha ripoti. Makabidhiano hayo huchukua dakika moja au mbili kwa mgonjwa, na mama akibadilika hali, anayeingia zamu anajua la kufanya bila kuanza upya kuuliza.

Mdogo aweze kusema

Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani. Alitarajia kwamba wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilionyesha kinyume: ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipochunguza kwa undani aliona sababu. Katika wodi hizo watu hawakuogopa kusema. Katika wodi za kiongozi mkali, makosa yalifichwa.

Mfawidhi mpya aushike ujumbe huo. Ukiona kituo chako hakina taarifa hata moja ya kosa kwa miezi sita, usifurahi haraka. Huenda watu wako wamejifunza kukunyamazia.

Ushahidi mwingine uko hapahapa nchini. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye mambo 19 ya kuthibitishwa kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kupasuliwa, na kabla ya kutoka chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland na Ifakara, mkoani Morogoro, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 ya wagonjwa, na matatizo makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7.

Miongoni mwa mambo hayo 19, moja linawahusu watu wenyewe: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari bingwa hupata ujasiri wa kutamka tena anapoona kitambaa kimesahaulika tumboni. Tangu mwaka 2017 vituo vingi vya afya nchini vimejengewa majengo ya upasuaji wa dharura, kwa hiyo orodha hii si ya hospitali kubwa tu. Kama kituo chako kinapasua, isimamie isomwe kwa sauti kila mara, na anayeisoma awe muuguzi.

Uhuru wa kusema hauji kwa kutangaza kwamba mlango wako uko wazi. Huja kwa unavyojibu siku mtu anapoleta habari mbaya. Mhudumu akija kukuambia kwamba ameona chupa mbili za dawa zinazofanana zimewekwa rafu moja, mshukuru mbele ya kikao, kisha rafu ipangwe upya siku hiyohiyo. Ukimwambia hilo si la kazi yake, hatakuja tena, na wenzake waliosikia hawatakuja kabisa. Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika wodi ya wazazi, mkuu asiyesikia la mdogo anaweza kumpoteza mama na mtoto.

Kuna mahali pasipofaa kurekebishia watu: kundi la WhatsApp la kituo. Litumie kwa matangazo, zamu na taarifa za dharura. Usimkaripie mtu humo, na jina au picha ya mgonjwa isiwekwe humo kwa sababu yoyote.

Kosa, uzembe na udanganyifu

Kusikiliza hakuna maana ya kuacha nidhamu ilegee. Tofautisha mambo matatu. Kosa ni pale mtu mwangalifu anapoteleza kwa sababu ya uchovu, mafunzo duni au mpangilio mbaya. Dawa yake ni kurekebisha mazingira na kumfundisha. Uzembe ni pale anayejua utaratibu anapouruka kwa makusudi na kurudia. Dawa yake ni onyo. Udanganyifu ni kuuza dawa za kituo, kudai fedha kwa huduma ambayo ni bure, kughushi takwimu, au kumtaka mwanafunzi aliye mafunzoni kimapenzi. Hilo halimalizwi kwa kuelewana ofisini. Lipeleke kwenye mamlaka husika na linda aliyetoa taarifa.

Kwenye kuonya, andika. Taja tarehe, tukio, utaratibu uliovunjwa, maelezo ya mtumishi mwenyewe, na kinachotarajiwa kuanzia sasa. Mpe nafasi ya kujieleza kabla hujahitimisha. Usirundike makosa ya mwaka mzima ukaja kuyamwaga siku moja ya hasira.

Katika sekta binafsi, kumwachisha mtu kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki pia. Kimoja bila kingine hakitoshi. Kanuni za mwaka 2007 zilizotolewa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini zinataka mtumishi ajue tuhuma zake, apewe muda wa kujiandaa, ambapo kwa kawaida saa 48 huchukuliwa kuwa zinatosha, na aruhusiwe kuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Anayeona ameonewa ana siku 30 za kulalamika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Katika utumishi wa umma, mfawidhi si mamlaka ya kufukuza. Wajibu wake ni kukusanya ushahidi, kuandika na kufikisha taarifa kwa mganga mkuu wa halmashauri. Kutishia kumfukuza mtu wakati huna mamlaka hayo hukuvunjia heshima.

Upimaji wa utendaji nao usiwe jambo la kushtukiza. Watumishi wa umma walianza kupimwa kwa OPRAS mwaka 2004, na sasa hutumia mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Mfumo wowote utashindwa kama mtu anasikia udhaifu wake kwa mara ya kwanza siku ya kujaza alama. Kaa na kila mmoja angalau mara moja kwa mwezi, hata dakika kumi: nini kimekwenda vizuri, nini kimekwama, na unahitaji nini kutoka kwangu.

Boresha pamoja, kidogokidogo

Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kutumia njia ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi, kwa ushirikiano na shirika la JICA, na baadaye njia hiyo ikasambazwa hospitali nyingine nchini. Hatua zake tano watumishi wa afya wanazifahamu: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ondoa kisichohitajika, panga kinachohitajika mahali pake, safisha, weka kanuni moja kwa wote, na udumishe.

Njia hii haihitaji bajeti kubwa, na kwa timu mpya ina faida ya pili: inawapa watu wa ngazi tofauti kazi moja. Chagua chumba kimoja, kama chumba cha kujifungulia. Unda kikundi kidogo chenye muuguzi, mhudumu, mtu wa stoo na tabibu. Piga picha kabla ya kuanza. Wapange trei ya dharura ya kutokwa damu, vifaa vya kumsaidia mtoto asiyepumua, na mahali pa kila kitu, palipoandikwa. Kisha pima jambo moja: inachukua muda gani kupata vifaa hivyo gizani? Muda ukipungua, bandika matokeo ukutani pamoja na majina ya waliofanya kazi. Ndipo mwende chumba cha pili.

Hatua ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi. Shikilia ina maana kwamba mtu mmoja anakagua kila wiki kwa orodha, na wewe mwenyewe unapita kila mwezi. Ukiacha kukagua, wataacha kupanga.

Fedha, kamati na wakubwa zako

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vya umma. Mfawidhi amekuwa na uwezo zaidi wa kuamua, na vishawishi zaidi. Waambie watumishi wako kilichoingia na kilichotumika, kwa lugha nyepesi, kila robo mwaka. Wasipojua, watabuni, na wanachobuni hakiwi kizuri kwako.

Kamati ya usimamizi ya kituo si ya kupigia muhuri. Wajumbe wake wanaishi na wagonjwa wako na wanasikia yasemwayo sokoni na msikitini. Wape taarifa kabla ya kikao, na sanduku la maoni lifunguliwe mbele yao. Malalamiko ya wananchi yakiletwa, yasikilize kwa niaba ya timu na usimtoe mtumishi kafara hadharani kabla ya kuchunguza. Timu hukumbuka kwa miaka kiongozi aliyewasimamia siku hiyo, na hukumbuka vilevile aliyewakana.

Kwa walio juu yako, peleka tatizo likiwa na takwimu na pendekezo. Sentensi "tuna upungufu wa wauguzi" inasomwa na kuwekwa kando. Lakini "usiku 20 kati ya 30 za mwezi uliopita muuguzi mmoja alisimamia leba na wodi peke yake, tunaomba muuguzi mmoja, au kibali cha kuhamisha zamu ya kliniki" ni barua inayodai jibu.

Mwandae atakayekukaimu

Ndani ya miezi mitatu ya kwanza, chagua wa kukukaimu na umfundishe kazi zako moja moja: kuongoza kikao cha asubuhi, kuagiza dawa Bohari ya Dawa, kukagua ripoti za MTUHA kabla hazijaondoka. Baadhi ya viongozi huogopa kwamba anayefundishwa atachukua nafasi yao. Wasioandaa mtu hunyimwa hata likizo, na wanapougua kituo huugua pamoja nao.

Jipime kwa maswali haya. Je, kikao cha asubuhi hufanyika siku usiyokuwepo? Je, kuna mtumishi wa chini aliyekuletea habari mbaya mwezi huu? Je, aliyepangiwa usiku wa sikukuu anajua kwa nini ni zamu yake? Je, mgonjwa aliyeletwa saa nane usiku anahudumiwa kwa utaratibu uleule wa saa nne asubuhi? Jibu likiwa ndiyo kwa yote manne, una timu. Likiwa hapana kwa moja, unajua pa kuanzia wiki ijayo.

Kama barua yako ya uteuzi imefika karibuni, usisubiri semina ya uongozi. Kesho panga saa ya kikao cha asubuhi, andika majina ya watumishi wote wa kituo bila kumruka mlinzi wala mfanya usafi, na uanze kuzungumza nao mmoja mmoja. Wananchi wanaokitegemea kituo chako hawatauliza una cheo gani. Watauliza kama wauguzi wako, matabibu wako na wahudumu wako walifanya kazi pamoja siku walipowahitaji, na hilo ni jukumu lako kuanzia siku ulipotia saini.